Amina ya Donatus

Violeth Mageni alipiga honi mara tatu, akaangalia vioo, ndipo akaanza kurudi nyuma. Nusu ya mtaa wa Kalangalala ikageuka kumtazama.

Walikuwa na cha kutazama. Gari lenyewe lilikuwa Fairlady ya rangi ya chungwa, viti viwili tu, limelala chini kiasi kwamba kuku angeweza kuchungulia dirishani bila kuruka. Mwenye gari naye alikuwa mwanamke mrefu, gauni la kitenge la kijani limemkaa sawasawa, raba nyeupe miguuni, miwani ya jua ameipandisha juu ya rasta. Mji wa Geita umezoea kuona watu wenye hela. Haujazoea kuona mwanamke akishuka peke yake upande wa usukani wa gari la namna ile, na kila aliyepita Jumamosi hiyo alikuwa anamtafuta kwa macho yule bwana aliyemnunulia.

Hakukuwa na bwana, na hilo ndilo lililowaudhi.

"Dada," sauti ikamfikia kutoka barazani pa duka la vocha, "uko mgodi gani?"

Violeth akageuza shingo. Mwanamume mpana wa mabega, shati la bluu amekunja mikono, chupa ya soda mkononi, alikuwa anacheka bila hata kujificha.

"Nani kakwambia niko mgodini?"

"Honi yako. Mtu wa mtaani akirudi nyuma anapiga kelele tu, 'Oya, pisha!' Wewe umepiga tatu, ukasubiri, ndipo ukarudi. Moja kuwasha, mbili kwenda mbele, tatu kurudi nyuma. Hata mimi nilikwenda likizo nikapiga kengele tatu kwenye baiskeli ya mjomba. Alidhani nimerukwa na akili."

Violeth hakukusudia kucheka. Alicheka.

"Na wewe uko wapi?"

"Bulyanhulu, chini ya ardhi. Naendesha mtambo wa kuzoa mawe. Naitwa Donatus."

"Mimi niko shimo la wazi, hapahapa Geita. Naendesha dampa."

"Dampa? Yale malori ambayo tairi lake linamzidi mtu urefu?" Donatus akapiga mluzi. "Basi wewe ni mtu wa juani, mimi mtu wa gizani. Tukioana watoto watatoka na mistari."

"Nani kasema tunaoana?"

"Sijasema tunaoana. Nimesema tukioana."

Akaondoka na namba yake ya simu. Mpaka leo Violeth hajui ni lini hasa alimpa.

Mapenzi ya watu wa mgodini ni mapenzi ya rosta. Huyu akiwa zamu ya usiku, yule yuko ya mchana. Huyu akiwa mapumziko, yule ndiyo kwanza anafunga buti. Walipendana kwa simu, kwa sauti za usingizi, huyu anaamka na yule anakwenda kulala.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ugali na sato. Wewe?"

"Nimekula mavumbi ya mwamba. Hebu niambie, Fairlady haijambo?"

"Haijambo. Inakusalimia."

"Iambie naota naiendesha."

"Ota tu. Ndoto hazikatazwi."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Gari lile hakuwahi kumpa mtu. Si kaka zake, si fundi, ambaye alilazimika kulijaribu Violeth akiwa amekaa pembeni. Kwa baba yake, mzee Mageni, kijijini, baiskeli zilikuwa za wavulana. Msichana alibebwa nyuma, tena akiombwa ashukuru. Violeth alijifunza kuendesha kwa wizi, kaka zake wakiwa machungani, na alipokamatwa alichapwa kwa fimbo ya ng'ombe. Alipopata kazi ya dampa alijenga kwanza, maana hakuwa mjinga, kisha akaagiza gari alilolitaka tangu alipoliona kwenye simu ya mtu. Ndugu zake walipiga kelele wiki nzima. Gari gani halibebi hata gunia? Mume atakaa wapi, watoto watakaa wapi? Yeye akalipokea, akaliosha kwa mikono yake, akakaa ndani akalia. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani ambacho hakukiombea ruhusa kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo siku aliyomwambia Donatus, "Haya, nenda nalo," alikuwa anampa kitu kikubwa kuliko gari, na Donatus alikijua. Alikuwa ameshasimuliwa habari ya ile fimbo.

Suzana, mdogo wake Donatus, alikuwa anaagwa kabla ya harusi, kwao Shinyanga, mwishoni mwa juma. Violeth alikuwa na zamu na Donatus yuko mapumziko. Walisimama uani kwa Violeth, Kalangalala, asubuhi, naye akamkabidhi gari kama wanavyokabidhiana mtambo mgodini: anayetoka zamu anamzungusha anayeingia, anamtajia magonjwa yake yote, na anayeingia anarudia kwa mdomo wake.

"Gia ya pili inagoma injini ikiwa ya baridi. Usilazimishe," Violeth alisema.

"Gia ya pili inagoma. Silazimishi."

"Kwenye tuta usiingie moja kwa moja, litakwaruza tumbo. Ingia kimshazari."

"Kimshazari."

"Dirisha la kushoto linapanda polepole. Lisubiri."

"Nalisubiri. Na mwenyewe akinuna?"

"Mwenyewe naye msubiri."

Donatus alimbusu kwenye paji la uso, akaingia, akapiga honi moja, akawasha, akapiga mbili, akaondoka. Violeth alibaki ameshika geti mpaka mlio wa injini ukaisha, moyo ukimdunda kama aliyemsindikiza mtoto bweni kwa mara ya kwanza.

Jumapili mchana, kwenye bwalo la chakula, Mwamvua, rafiki yake wa zamu, alisogeza sahani pembeni akamwekea simu mbele.

"Shoga, hili si gari lako?"

Ilikuwa video aliyoiweka Suzana. Uwanja wa kanisa, misa imetoka, watu wamejaa. Katikati yao Fairlady imefungwa utepe mweupe kwenye vioo. Padri anazunguka akinyunyiza maji ya baraka kwenye boneti, kwenye matairi, kwenye usukani. Mama mmoja mnene aliyevaa sare ya akina mama wa parokia anapiga vigelegele mpaka kitambaa kinamwanguka kichwani. Chini yameandikwa maneno: *Hongera kaka kwa ndinga mpya, Mungu azidi kukuinua.*

Na Donatus yuko pale, suti ya kijivu, ameinamisha kichwa, ameshika ufunguo kwa mikono miwili.

"Ee Bwana," sauti ya padri ilisikika wazi, "ubariki chombo hiki na mmiliki wake, mtumishi wako Donatus."

"Amina," akajibu Donatus.

Violeth aliirudia. Akairudia tena. Kila mara alitumaini kwamba safari hii hatasema, na kila mara alisema, tena kwa sauti nzuri, ileile aliyokuwa akimwambia nayo *umekula, mpenzi*.

"Labda walimshtukiza," Mwamvua alisema kwa upole.

"Walimshtukiza. Sawa. Mdomo nao walimwazimisha?"

Jioni ile Donatus alilirudisha gari likiwa limeoshwa linang'aa. Akashuka akitabasamu, akaona uso wa Violeth, tabasamu likamfia. Violeth hakumsalimia. Alizunguka gari kama anavyozunguka dampa, akatazama matairi, akainama kutazama tumbo. Halina mkwaruzo. Alipofika nyuma akasimama. Kwenye kioo palikuwa na herufi kubwa nyeupe za stika, na mtu alikuwa amejaribu kuzibandua kwa kucha akashindwa njiani. Yalibaki maneno mawili na kipande: ASANTE MAMA DON.

"Nilitaka kukueleza kabla hujaiona video," Donatus alianza.

"Nieleze."

"Nilipofika tu wakaanza kushangilia. Mama akalia, Violeth. Tangu baba afariki sijamwona mama akilia kwa furaha. Nikasema nitamwambia baadaye. Asubuhi nikakuta ameshamwita padri na stika imeshabandikwa. Ningesemaje mbele za watu wote wale?"

"Ungesema, 'Hili gari ni la Violeth.' Maneno matano, na moja ni jina langu."

"Nilinyamaza tu, mpenzi. Sikudanganya."

"Ulisema Amina."

Donatus akatazama ufunguo mkononi mwake.

"Nilichapwa kwa ajili ya baiskeli, Donatus. Ulilijua hilo. Nikakupa ufunguo kwa mkono huu, na wewe ukasimama mbele ya Mungu na parokia nzima ukanifuta. Nipe ufunguo."

Akampa. Violeth akaingia garini, akapiga honi moja, injini ikaunguruma. Kisha akamtupia jicho kupitia kioo cha mbele, akapiga honi tatu, polepole, moja, mbili, tatu, akarudi nyuma mpaka kwenye kibanda chake cha gari na kufunga mlango wa bati. Mtu yeyote wa mgodini angeelewa. Donatus alielewa, akatafuta bodaboda ya kumpeleka stendi.

Baada ya hapo ikawa kila mtu ana ushauri. Shangazi yake Violeth, Scolastika, alifunga safari na kikapu cha viazi, akakaa jikoni na kutoa hotuba.

"Mwanaume akisema gari ni lake, mwanamke unacheka moyoni unanyamaza. Mbona sisi tumeishi hivyo? Ng'ombe wangu wote wanaitwa wa baba Januari. Nimekufa?"

"Hujafa, shangazi. Lakini kila ukimtaja yule ng'ombe wako mweupe unashusha sauti."

Shangazi akamenya viazi viwili. Kisha akasema, "Utazeeka peke yako na hilo gari lako la viti viwili."

"Basi nitaweka mkoba kwenye kiti cha pili."

Alijibu kwa kiburi na alikuwa anamaanisha. Lakini mchana akiwa juu ya dampa, akisubiri zamu ya kupakiwa, alikuwa anamkumbuka Donatus mpaka anauma meno. Alimtaka, wala hakujidanganya juu ya hilo. Asichotaka ni kurudi kubebwa nyuma ya baiskeli. Stika hakuibandua. Aliiacha palepale kwenye kioo, na walioiulizia aliwaambia ni kidonda.

Simu za Donatus alizikataa. Zikaendelea kuja, mpaka mchana mmoja akapokea kwa hasira.

"Unataka nini?"

"Nimemwambia mama."

Violeth akakaa kitandani. "Umemwambia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Jikoni, mko wawili, mlango umefungwa?"

Donatus akashusha sauti, "Jikoni."

"Na alisemaje?"

"Alisema nisimwambie mtu mwingine."

Violeth akacheka kicheko kisicho na utamu. "Vigelegele vilipigwa uwanjani, Donatus. Ukweli umeupeleka jikoni kwenye masufuria. Usiku mwema."

"Ni saa nane mchana."

"Usiku mwema!"

Alikuwa karibu kukata aliposikia Donatus akivuta pumzi ndefu, kama anayeingia kwenye lifti ya kushuka chini.

"Jumapili hii niko Shinyanga. Njoo na gari. Twende kanisani, misa ikitoka."

"Nani ataendesha?"

"Wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kushoto. Watu waone."

Ijumaa aliomba ruhusa kazini. Jumapili alitoka Geita bado kuna umande, akavuka daraja la Busisi madirisha yote yakiwa wazi, akakata kona ya Usagara na kushika barabara ya Shinyanga. Alivaa gauni la njano linaloonekana kutoka mbali. Kama ni kutazamwa, basi atazamwe vizuri.

Donatus alikuwa anamsubiri kwenye kituo cha mafuta, suti ileile ya kijivu. Hawakukumbatiana. Alikwenda mlango wa kushoto, akaufungua, akakaa, magoti yakamgusa dashibodi.

"Mwadila," alisalimia kwa Kisukuma.

"Funga mkanda."

Mjini bajaji na bodaboda zilikuwa zimejipanga kwenye mzunguko. Dereva mmoja aliyemfahamu Donatus akapaza sauti, "Kaka! Leo usukani umeuuza?"

Violeth alimtazama kwa pembe ya jicho. Donatus akabonyeza kitufe cha dirisha. Lilishuka. Akatoa kichwa chote nje.

"Sijawahi kuwa nao!" akajibu kwa nguvu. "Gari ni la huyu hapa!"

Vijana wakaangua kicheko. Donatus alikaa akalisubiri dirisha lipande, na lilipanda taratibu kama kawaida yake, huku masikio yakimwaka kwa aibu. Mkono wa Violeth kwenye gia ulilegea kidogo.

Misa ilikuwa imetoka. Akaingiza Fairlady uwanjani, akavuka tuta la getini kimshazari, akasimamisha mahali palepale pa kwenye video. Watu wakaanza kusogea. Mama Donatus akatoka katikati ya wenzake wa sare, mikono imepanuka tayari kumpokea mwanawe, akaenda moja kwa moja mlango wa kulia. Ukafunguka, akashuka gauni la njano.

"Shikamoo, mama," Violeth alisema akipiga goti.

Mama hakujibu. Uwanja mzima ulisikia kwamba hakujibu. Violeth akainuka, akasimama wima, uso haukuinama hata kidogo.

Donatus akatoka upande wa kushoto. Alikuwa anatokwa jasho.

"Baba Paroko, akina mama, na ninyi nyote mliokuwepo siku ile," alisema kwa nguvu. "Mlinipongeza kwa gari. Gari hili ni la Violeth Mageni wa Geita. Amelinunua mwenyewe kwa kazi yake. Mimi niliazimwa. Nilisema Amina kwa uongo, na ninaomba radhi kwake kwanza, halafu kwenu."

Mtu akakohoa. Wanawake wawili wakaanza kunong'onezana.

"Ng'wanawane, mwanangu," Mama Donatus alisema, "umeniaibisha mbele ya watu."

"Hapana, mayu, mama yangu. Siku ile ndiyo niliyokuaibisha. Leo ndiyo watu wamejua."

Mama akamgeukia Violeth. "Nawe umekuja kuonyesha watu kwamba mwanangu hana kitu?"

"Nimekuja kuonyesha watu kwamba mimi ninacho, mama. Mwanao angekuwa hana kitu nisingeendesha kutoka Geita."

Mama akazunguka gari taratibu, akapita ubavuni, akafika nyuma, akakutana na jina lake lililokatika: ASANTE MAMA DON. Akasimama hapo. Aliwaza nini hakuna anayejua. Pengine aliwaza vitu vyake mwenyewe vilivyowahi kuitwa vya watu wengine. Kisha akalamba kidole gumba, akaanza kukwangua stika kwa ukucha. Herufi moja, nyingine, nyingine. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza alijifuta kidole kwenye kitenge.

"Kazi gani hiyo inanunua gari?"

"Naendesha dampa, mama. Mgodini."

"Lile lori la ukubwa wa nyumba? Wewe?"

"Mimi."

Mama Donatus akatikisa kichwa polepole.

"Marahaba," alisema.

Kisha akaenda mlango wa kushoto, akaufungua, akajiingiza kwa shida kubwa mpaka gari likashuka upande mmoja. "Nipeleke nyumbani. Pitia sokoni, wanione."

"Na mimi je?" Donatus aliuliza.

"Viti ni viwili. Bajaji hujaziona?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko, na vigelegele safari hii vilianza kwa akina mama wa nyuma kabisa. Padri akamshika bega Donatus na kumwambia kwamba maji ya baraka hayaangalii kadi ya gari, ila yeye akaungame.

Waliondoka Shinyanga alasiri, baada ya wali na kuku, Violeth kwenye usukani na Donatus kushoto. Walipoipita Ibadakuli na barabara ikafunguka katikati ya mashamba ya pamba, Violeth akaegesha pembeni, akazima, akashuka. Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa Donatus, akaushika ufunguo mbele ya pua yake.

"Sikuomba," Donatus alisema.

"Ndiyo maana nakupa. Yataje magonjwa yake."

Donatus akashuka. Alizunguka gari zima, akagusa matairi, akainama kutazama tumbo, akarudi kusimama mbele yake.

"Gia ya pili inagoma, silazimishi. Tuta kimshazari. Dirisha la kushoto nalisubiri."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe ni Violeth Mageni. Nikiulizwa nitasema. Nisipoulizwa nitasema pia."

Wakabadilishana viti. Donatus akapiga honi moja, akawasha. Injini ikanguruma, na yeye akatulia mikono juu ya usukani, bila kupiga zile mbili za kwenda mbele.

"Unasubiri nini?" Violeth akauliza.

"Nataka kutuma wazee kwa mzee Mageni. Nataka kukuoa, Violeth. Kadi ya gari ibaki na jina lako, nyumba yako ibaki yako, na siku ya harusi uniendeshe wewe kama unataka. Sina maneno mengine. Unasemaje?"

Violeth alitazama mbele. Lami ilikuwa imenyooka, haina mtu. Alifikiria fimbo ya ng'ombe, na ng'ombe mweupe wa shangazi, na kichwa cha Donatus kikiwa kimetoka dirishani mbele ya bodaboda wote wa Shinyanga. Machozi yakamjia, akayaacha yatoke yanavyotaka.

Alinyoosha mkono kutoka kiti cha kushoto, akaupitisha juu ya mikono ya Donatus, akabonyeza honi mara mbili.